Pirsig, Kiwembe na Fundi wa Liuli

Zen and the Art of Motorcycle Maintenance cha Robert Pirsig kilitoka mwaka 1974, baada ya kukataliwa na wachapishaji 121. Mimi nimekisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikipenda, mara ya pili nikakiamini kupita kiasi, na ya tatu nikagombana nacho. Leo naandika juu ya ugomvi huo.

Kwa ambaye hajakisoma: baba na mwanawe Chris, mtoto wa miaka 11, wanasafiri kwa pikipiki kutoka Minnesota hadi California. Njiani baba anawaza juu ya ubora. Kwake, kukaza nati vizuri na kuishi vizuri ni jambo moja, na jina lake ni kujali. Asiyejali chombo chake ameshajitenga na sehemu ya maisha yake mwenyewe.

Nilikisoma Mbinga. Mzee wangu alikuwa bwana shamba wa kahawa huku Umatengo, na alipofariki aliniachia Honda CG125 yake ya zamani. Injini hiyo ilianza kutoka mwaka 1976. Honda waliiundia fito za kusukuma valvu badala ya mnyororo, ili ivumilie vumbi na watu wasioijali sana. Bodaboda nyingi za Kichina unazopanda leo zimeiga injini hiyo hiyo. Basi nikanunua fila geji, nikajifunza kulinganisha alama ya T, nikaweka tapeti milimita 0.08. Plagi nilipoitoa ilikuwa nyeusi tii, yaani petroli nyingi, hewa kidogo. Pirsig naye anaikuta plagi nyeusi, na anajua sababu: mwinukoni hewa ni nyepesi. Nikateremsha sindano ya kabureta ngazi moja. Injini ikatulia kama cherehani. Nikajiona Pirsig mtupu. Mafundi wa mjini nikawa nawapita kwa dharau.

Dharau hiyo sikuianzisha mimi. Katika kitabu, sura ya pili tu, Pirsig anasimulia alivyopeleka pikipiki yake gereji. Vijana wa pale wamefungulia redio kwa sauti kubwa, wanacheka, wanagongagonga, wanaiharibu zaidi. Baadaye anagundua mwenyewe kwamba tatizo lilikuwa pini ya senti 25 iliyokatika. Kuanzia hapo fundi ni mfano wa mtu asiyejali. Anayejali ni mwenye mali.

Halafu nikapata msiba Liuli. Ukitoka Mbinga, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, unashuka kona kwa kona hadi Mbamba Bay, ambako maji ya Ziwa Nyasa yako kwenye mita 475 hivi. Kushuka hakukuwa na shida, mteremko unakubeba. Shida ilianza nilipoifuata pwani kuelekea kaskazini, kwenye joto na mchanga. Honda ikaanza kukosa nguvu, ikachemka, na karibu na Liuli ikazima.

Nikaisukuma hadi kwa fundi, mtu mzima aliyekaa chini ya mwembe. Redio yake ilikuwa inatangaza mpira wa Simba kwa sauti ya juu. Nikasema moyoni, ndio hawa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umetoka juu?"

Alikuwa hajagusa kitu. Akafungua plagi, akanionyesha: nyeupe kama chokaa. "Umeinyima mafuta. Kule kwenu sawa, huku hewa ni nzito, utaipasua pistoni." Nikamwomba aangalie na tapeti. Akakataa. "Kwanza ipoe. Nenda kazike, urudi."

Niliporudi jioni injini ilikuwa ya baridi. Sindano alikuwa ameipandisha. Tapeti akazipima kwa kiwembe. Nikatoa fila geji yangu kuhakiki, kimyakimya, naye akaniacha. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Nilipopiga kiki akainama na kupunguza redio, akasikiliza, akagusa skrubu ya hewa kidogo tu, akairudisha redio juu.

Ndipo nikakumbuka kopo la bia. Katika kitabu, usukani wa BMW ya rafiki yake John umelegea. Pirsig anataka kukata kipande cha kopo la bia akibane humo, na John anachukia wazo hilo. Pirsig anamcheka, kwa kuwa bati lile ni chuma kizuri kwa kazi ile. Sawa kabisa. Lakini kopo ni akili likiwa mkononi mwake. Je, kiwembe mkononi mwa fundi angekiitaje? Nadhani angesikia redio tu, asubiri aharibiwe pikipiki.

Hapa ndipo kitabu kinapopungukiwa. Kinajua kujali ni nini, ila kinakuona kwa mtu mmoja tu: yeye aliyeshika usukani. Na aliyekaa nyuma? Chris anasafiri maelfu ya kilomita akitazama mgongo wa baba yake. Analia, anaumwa tumbo, na baba anaendelea kufikiri. Mwishoni kabisa mtoto anasimama kwenye vikanyagio na kuona mbele juu ya mabega ya baba. Kwangu kurasa hizo chache zinazishinda hotuba zote za ubora. Na zinauma zaidi ukijua kwamba Chris aliuawa San Francisco mwaka 1979. Pirsig aliliandika hilo katika neno la nyuma la matoleo ya baadaye.

Mimi pia nilikaa nyuma ya Honda hii, nikiwa mdogo. Ninachokumbuka ni shati la kaki na harufu ya petroli. Uso wa mzee akiendesha sikuwahi kuuona. Yule fundi wa Liuli, kumbe, aliwahi kuuona. Wakati nalipa akapapasa tangi, akasema, "Hii si ya bwana shamba? Alikuwa anapita hapa, anakaa pale ulipokaa, anasubiri ipoe."

Kisomeni kitabu hiki. Kina thamani. Ila mkifika kwenye ile gereji ya redio, msiwe wepesi kumwamini msimulizi.