Pedali Laini: Ulizia Kwanza Upepo Umeingilia Wapi

Breki ya pikapu ikilegea Ngarambe, vipuri viko ng'ambo ya Mto Rufiji, Ikwiriri au Kibiti, na kuliendesha gari hivyo hivyo kuvifuata ni kuchezea roho za watu. Kwa hiyo kazi ya kutoa upepo hufanyika nyumbani, na inaweza kufanyika vizuri kabisa. Kinachoiharibu ni haraka.

Kabla ya kushika spana, sikiliza mguu. Pedali ikidunda kama sponji, kuna hewa ndani: mafuta ya breki hayashindiliki, hewa hushindilika, na nguvu ya mguu huishia hapo. Ikizama taratibu huku umeikanyaga bila kuachia, na nje hakuna panapovuja, raba za masta silinda zimechoka; kutoa upepo hapo ni kumwaga mafuta bure. Ikiwa inashuka sana lakini inakaza ukikanyaga mara ya pili, kagua kwanza marekebisho ya drami za nyuma.

Na hewa haiingii bila mlango. Paipu za chuma zinazopita kwenye tope la masika huliwa na kutu, raba za silinda za magurudumu hukauka. Pangusa nyuma ya kila gurudumu utafute unyevu, uzibe kasoro hiyo kwanza.

Mafuta yawe ya chupa iliyofunguliwa siku hiyo hiyo. Hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Rufiji ina unyevu mwingi. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango chake cha chini hushuka hadi 155. Oili ya injini isiguse kopo la breki kamwe, maana huvimbisha raba zote.

Usukani ukiwa kulia, mara nyingi huanziwa gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho. Mmoja anakanyaga polepole na kushikilia. Wa chini analegeza skrubu ya kutolea upepo, mafuta yenye mapovu yanapita kwenye mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa yenye mafuta, anakaza, ndipo anasema: achia! Mguu ukitangulia kuachia, hewa inarudi. Kupampu kwa kasi nako huvunja povu moja kuwa mengi madogo yasiyotoka. Kwenye gari kuukuu weka kipande cha ubao chini ya pedali, isije ikasukuma raba hadi kwenye kutu ya mwisho wa silinda. Kopo lisikauke hata mara moja.

Pikapu nyingi zina vali ya kupima mzigo karibu na ekseli ya nyuma. Ikiwa na skrubu yake, nayo itolewe upepo. Mafundi wengi huiruka, kisha huilaumu masta silinda.

Mwisho washa injini, kanyaga kwa nguvu na ushikilie. Pedali ikiendelea kuzama, gari hilo lisipakiwe mtu wala gunia.