Mgeni Asiyepewa Jembe: Msanii wa Hip-hop katika Chuo Kikuu

Vyuo vikuu vya Marekani vimeipokea hip-hop kwa hatua tatu. Kwanza iliingia kama somo. Howard ilikuwa na kozi yake tangu mwaka 1991. Kisha iliingia kama hazina ya kumbukumbu, na hapa mfano mashuhuri ni ule wa Harvard ulioasisiwa mwaka 2002 na mwanaisimu Marcyliena Morgan. Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayotushughulisha katika makala haya, ni ile ya kumwalika msanii mwenyewe akae chuoni kwa muhula au mwaka, afundishe, atunge na aonekane. Aghalabu hatua hii husifiwa kana kwamba ni ushindi wa utamaduni wa mitaani dhidi ya ukuta wa taaluma. Sisi tunadai kwamba kualikwa pekee si ushindi. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe la chuo kikuu ni hoja. Msanii anayekaribishwa bila kazi yake ya sanaa kuruhusiwa kusimama kama hoja, ipimwe na ipingwe kama hoja nyingine, atabaki mgeni hata akikaa miaka kumi.

Mfano wa ugeni wa namna hiyo ni uteuzi wa Afrika Bambaataa katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2012. Uteuzi ulikuwa wa miaka 3, lakini mpango ulikuwa afike chuoni kwa siku chache tu kila mwaka. Cornell ilikuwa imekwisha kuanzisha mkusanyiko wake wa kumbukumbu za hip-hop mwaka 2007, na si vigumu kuona kwamba mtu na makabrasha walikuwa wakitimiza haja moja, yaani kuhifadhiwa. Harvard nayo, mwaka 2013, iliasisi ufadhili wenye jina la Nasir Jones, yaani Nas, ambao umewafaa wasomi na wasanii wengine. Jambo jema, ila katika ufadhili huo jina la msanii ndilo lililopewa makao.

Patrick Douthit, ajulikanaye kwa jina la 9th Wonder, anatupa mfano wenye uzito zaidi. Alipewa ukaazi katika Chuo Kikuu cha North Carolina Central mwaka 2007, akafundisha Duke pamoja na mhakiki Mark Anthony Neal kuanzia mwaka 2010, kisha akaenda Harvard mwaka 2012. Kazi yake kuu ni utayarishaji wa muziki: hukata vipande vifupi vya santuri za zamani, hasa za muziki wa soul, akavishona kuwa midundo mipya. Matunda ya kukaa kwake Harvard yalionekana pale maktaba ya muziki ya chuo hicho, mwaka 2017, ilipoingiza katika hifadhi yake albamu 4, za Nas, A Tribe Called Quest, Lauryn Hill na Kendrick Lamar. Shabaha ya mradi huo ilikuwa kuweka pamoja na kila albamu santuri zile ambazo vipande vyake vilichotwa. Kwa maneno mengine, rafu ya maktaba ilifanywa kuwa orodha ya marejeleo. Mtu asiyekulia katika fani hii angeweza kuudhani uchotaji kuwa wizi au uvivu. Rafu ile inamwonyesha kwamba ni unukuzi, na kwamba mnukuzi ana mapokeo yake anayoyajua kwa majina. Huu ni uhakiki wa kweli. Hata hivyo, hoja iliyotolewa hapo ni hoja kuhusu midundo ya watu wengine. Mdundo alioushona Douthit mwenyewe haukuitwa kuthibitisha lolote.

Lupe Fiasco, aliyekuwa profesa mgeni wa MIT mwaka 2022–23, alisogea hatua moja mbele. Alifundisha nadharia na utendaji wa kufoka, kisha akaandaa mradi wa nyimbo zilizotungwa mbele ya sanamu za wazi zilizotapakaa chuoni humo. Nyimbo hizo ziliimbwa hadharani mwaka 2025. Hapa tungo zenyewe ndizo zinazosoma sanaa nyingine, na chuo kinasikiliza.

Lakini kesi inayotulazimisha kufikiri upya ni ya A. D. Carson, ambaye hakuwa msanii mwalikwa. Alikuwa mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina. Mwaka 2017 aliwasilisha tasnifu yenye nyimbo 34 za kufoka, iitwayo Owning My Masters. Nyimbo hizo hazikuwa kiambatisho cha utafiti. Zilikuwa ndizo utafiti. Anwani yenyewe inafumba: neno lake la mwisho, katika Kiingereza, humtaja bwana wa watumwa na pia kanda asili ambayo nakala zote za wimbo hutolewa. Anayeimiliki kanda ndiye mwenye wimbo. Fumbo hili si pambo. Clemson imejengwa juu ya shamba lililokuwa la John C. Calhoun, mwanasiasa aliyeutetea utumwa waziwazi, na Carson alikuwa amekwisha kuikumbusha jumuiya ya chuo hicho habari hiyo kwa shairi la mwaka 2014. Mwaka 2016, katika mgomo wa kuketi ndani ya jengo la utawala, alikuwa mmoja wa wanafunzi 5 waliokamatwa.

Je, kwa nini asingeandika tasnifu ya kawaida kuhusu mambo hayo? Jibu letu ni kwamba nathari ya kitaaluma humtaka msemaji ajitenge na kisemwacho, ilhali hoja ya Carson ni kwamba yeye na wasahihishaji wake walikuwa wamesimama juu ya kisemwacho hicho. Katika kufoka, nafsi ya kwanza ni sharti la fani, na ukweli wa msemaji hupimwa kwa pumzi, kwa vina na kwa uhodari wa kujibu. Fani imebeba sehemu ya maudhui ambayo ikisiri haiwezi kuibeba.

Hatusemi kwamba kazi hiyo haina dosari. Zipo sehemu, kwa maoni yetu, ambapo mwalimu anamshinda mfokaji, na ubeti unaeleza kile ambacho mdundo ulikwisha kukisema. Hiyo ni hatari ya kila msanii anayejua kwamba msikilizaji wake ana kalamu nyekundu mkononi. Albamu yake i used to love to dream, iliyotolewa mwaka 2020 na matbaa ya Chuo Kikuu cha Michigan baada ya kupitiwa na wasomi wenzake, ni tulivu zaidi na kwa hiyo ina nguvu zaidi. Wakati huo alikuwa profesa wa hip-hop katika Chuo Kikuu cha Virginia. Mgeni alikuwa ameshapewa jembe.

Sisi wa Afrika Mashariki tusiyasome haya kama habari za mbali. Waraka wa Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba wa mwaka 1968, uliotaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, uliipa fasihi simulizi nafasi ya katikati. Fasihi hiyo iliingia katika mitaala. Mtambaji na malenga waliingia kama watoa habari. Sheikh Ahmed Nabhany alitunga Sambo ya Kiwandeo, utungo unaoeleza uundaji wa jahazi kwa msamiati wa Lamu, ukachapishwa Leiden mwaka 1979. Kisha Umbuji wa Mnazi, mwaka 1985, kuhusu mnazi na manufaa yake. Tungo hizi ni utafiti wa leksikografia na wa ufundi uliofanywa kwa mizani na vina. Sisi tumezitumia kama data. Tukimwalika kesho kijana mfokaji kutoka Dandora, idara itampa ukumbi, kipaza sauti, bahasha ya nauli na shada la maua. Itabidi kwanza baraza la idara liamue kama kanda atakayoirekodi itakuwa mali yake au ya chuo, na kama msahihishaji wa nje atakuwa tayari kuisikiliza mpaka mwisho kabla ya kudai sura ya pili.