"Lagaan" Machoni pa Mtoto wa Songea

Sinema ya Kihindi iitwayo Lagaan, iliyoongozwa na Ashutosh Gowariker na kutolewa mwaka 2001, yachukua muda wa karibu saa nne, na sehemu yake kubwa ni kriketi, mchezo ambao watoto wa Songea hawauchezi. Aliyeitazama utotoni katika banda la video, huku mfasiri akipaza Kiswahili chake juu ya sauti za wachezaji, hakufahamu kwa nini mpigaji hukimbia na gongo mkononi. Kodi, lakini, aliifahamu. Habari za wakuu wa Wangoni walionyongwa na Wajerumani mjini humo Februari 1906 alikwisha kuzisikia kwa wazee.

Kisa ni cha mwaka 1893, katika kijiji cha Champaner kilichokosa mvua. Kapteni Russell, Mwingereza, aweka sharti: wanakijiji wakimshinda katika mchezo wake, watasamehewa kodi miaka mitatu, wakishindwa, watalipa mara tatu. Bhuvan akubali, na wenziwe wamlaani kwanza.

Uzuri wa sinema hii haumo katika nyimbo za mapenzi, ambazo zingeweza kupunguzwa bila hasara. Umo katika kukusanywa kwa timu, na hasa katika kuingizwa kwa Kachra, mtu wa tabaka lisiloguswa, ambaye mkono wake uliolemaa huuzungusha mpira ajabu. Mtoto hushangilia. Mtu mzima airudiapo huona kasoro: Kachra apokelewa kwa kuwa mkono wake wafaa. Je, asingejua kurusha mpira, angeitwa? Bhuvan asema maneno makali dhidi ya ubaguzi, lakini Kachra mwenyewe hakupewa la kusema. Kasoro hii ni kubwa, wala mapenzi ya utotoni hayaifuti.

Mwishoni Russell audaka mpira wa mwisho akiwa amekwisha kuvuka mpaka wa uwanja, kijiji kinashinda, na mvua inanyesha. Huenda hapo ndipo pendo la mtoto wa Songea lilipojikita, kwani katika historia ya kwao maji yaliaminiwa kuzuia risasi, na hayakuzuia. Kisha sauti ya msimulizi, Amitabh Bachchan, yasema kwamba jina la Bhuvan lilipotea katika kurasa za historia. Wakuu wa Kingoni walishindwa, na sanamu zao zimesimama Mahenge, penye Makumbusho ya Maji Maji.