"Basi la Umeme": Jina Moja, Vyombo Vitatu

Istilahi "basi la umeme" imekwisha kuzoeleka, na ni Kiswahili safi. Hata hivyo, kwa mfasiri wa nyaraka za uchukuzi ina kasoro kubwa: yataja nguvu iendeshayo chombo bila ya kueleza nguvu hiyo yapatikana wapi. Na hapo ndipo penye gharama.

Mabasi haya ni ya namna tatu. La kwanza hupokea umeme kutoka nyaya zilizotandazwa juu ya barabara. Werner von Siemens alijaribu gari la namna hii karibu na Berlin mwaka 1882. Nyaya hizo huwa mbili, kwa kuwa magurudumu ya mpira hayawezi kuurudisha umeme. Treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 hutosheka na waya mmoja, kwani reli zenyewe huurudisha. La pili hubeba betri. La tatu lina vyote viwili: hujaza betri likiwa chini ya nyaya, kisha huziacha na kuendelea na safari. Prague, iliyoacha mabasi ya nyaya mwaka 1972, iliyarejesha kwa njia hii mwaka 2017.

Mfasiri akifuata Kiingereza kiupofu, la kwanza ataliita "basi la toroli". Haifai: toroli kwetu ni kigari cha kusukumwa kwa mkono.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni kuliita la betri "basi huru". Hiyo ni sifa, si istilahi. Basi hilo halifungwi na waya, lakini lafungwa na uzito wa betri, kituo cha kuchajia na saa za kusimama. Wellington iliacha mabasi ya nyaya mwaka 2017 kwa kutaka wepesi, na nafasi yake ikashikwa kwanza na ya dizeli.

Twapendekeza "basi la waya", "basi la betri" na "basi la waya na betri". "Basi la umeme" libaki kuwa jina la jumla. Ofisa aletewaye ombi la "mabasi ya umeme" hawezi kujua kama atenge fedha za nguzo na nyaya, au za vituo vya kuchajia na betri za akiba. Istilahi isiyomwezesha kuuliza swali hilo haijatimiza kazi yake.