Pointi Ndogo Iliyounguza Kubwa

Mwenye mashine ya kusaga pale Tongoni alikuwa ameshaambiwa anunue mota nyingine. Fundi aliyenitangulia alizima umeme, akafungua boksi la stata, akapima pointi za kontakta kwa mlio wa mita. Zote zikalia. Akahukumu kwamba mota imekwisha. Mota ya nguvu farasi 20 si fedha ndogo kwa mtu anayelipwa kwa debe la mahindi na makopa, kwa hiyo kabla sijagusa bisibisi nilimuuliza, "Mama, inazima wakati gani?"

"Inaondoka vizuri tu, fundi. Ikishabadilisha mlio ikaenda kama nusu saa, inaanza kuvuma. Halafu kimya."

Jibu hilo lilinipunguzia nusu ya kazi. Mashine ile inaanzishwa kwa sta-delta. Kwanza kontakta kuu na kontakta ya sta huingia pamoja, na koili zote tatu za mota zinapata umeme uliopunguzwa. Baada ya sekunde chache taima inaiachia sta na kuivuta delta, ndipo kila koili inapata volti 400 kamili. Sasa, mota inayoondoka kwa nguvu kwenye sta imeshatoa ushahidi wake: koili zake tatu zinafanya kazi, kontakta kuu inapitisha, na fezi zote zinafika kutoka nguzoni. Kilichobaki kushukiwa ni kile kinachotumika kwenye delta peke yake, yaani kontakta ya delta, nyaya zake, na njia inayoiamrisha.

Mlio wa mita haukumsaidia mwenzangu kwa sababu mita hupima kwa mkondo mdogo mno. Pointi iliyoungua ikibaki na kijisehemu kimoja kinachogusana, kijisehemu hicho kinatosha kuifanya mita ilie. Hakitoshi kupitisha ampea 16 kwa nusu saa. Pointi ipimwe ikiwa imebeba mzigo, kwa kuangalia volti zinazopotea kati ya mdomo wa kuingilia na wa kutokea. Ikiwa nzima, volti hizo hazifiki hata 0.1. Kazi hii inafanywa boksi likiwa na umeme, kwa hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mita inayofaa volti hizo, na mikono isiyo na haraka.

Tuliijaza mashine mahindi. Kwenye delta, pointi mbili zilisoma 0.06 na 0.07. Ya tatu ilisoma 2, ikapanda taratibu hadi 6. Zidisha volti 6 kwa ampea 16: ni karibu wati 100, joto la balbu nzima ya zamani limefungiwa ndani ya plastiki unayoweza kuishika kiganjani. Muda si mrefu mita ya klampu niliyoifunga kwenye waya wa pointi hiyo ikaanguka hadi sifuri, na nyaya nyingine mbili zikapanda kupita ampea 25. Mota ikaanza kuvuma. Ovaloodi ikakata, na ilikuwa sahihi kukata: koili mbili zilikuwa zinabeba kazi ya tatu.

Hapo mafundi wengi hutoa msasa. Naomba tuiache tabia hii. Uso wa pointi ni aloi ya fedha, na weusi unaouona juu yake mara nyingi hauna madhara, kwa kuwa oksidi ya fedha ina nafuu kuliko kutu ya shaba. Msasa unaikwangua aloi yenyewe, unaharibu umbo la uso, na unaacha chembe zake katikati. Pointi iliyochimbika hubadilishwa, pamoja na wenzake na springi zao. Kontakta ile plastiki yake ilikuwa imeanza kuyeyuka, nikaing'oa yote.

Lakini kontakta mpya ingeungua vilevile kama nisingejua iliyotangulia iliuawa na nini. Nilisikiliza delta inavyoingia. Haikupiga mara moja. Ilitetemeka kwanza, trrr, ndipo ikakaa. Kila mtetemeko ni pointi kufunga na kufunguka huku mkondo mkubwa wa mabadiliko ukipita, na kila mara cheche inakula fedha.

Kontakta ya koili ya volti 230 inatakiwa ivute vizuri hata ikipata asilimia 85, yaani kama volti 196. Kwenye boksi palikuwa na 226. Nikaweka mita kwenye koili ya delta, nikaiambia ikumbuke kiwango cha chini kabisa wakati wa kuvuta: 171. Ikishakaa, ilirudi kwenye 220 na ushei, ndiyo maana fundi mwingine angeipima akaiona nzima. Koili inapovuta hula mkondo mara kadhaa ya ule wa kushikilia, na upotevu wa volti unaonekana wakati huo tu.

Nilifuata njia ya amri hatua kwa hatua. Ovaloodi, sawa. Taima, sawa. Volti zilipotelea kwenye pointi saidizi ya kontakta ya sta, ile iliyowekwa ili sta na delta zisiingie pamoja. Unga ulikuwa umegandia juu yake, na chini ya unga kutu ya kijani. Tongoni iko kama kilomita 17 kusini mwa Tanga, barabara ya Pangani, ufukweni kabisa. Upepo wa kusi unafika na chumvi yake, chumvi inavuta unyevu, na vumbi la unga linaushikilia. Pointi kubwa angalau cheche zake huunguza uchafu. Pointi ndogo ya amri haina mkondo wa kujisafisha.

Nilibadilisha ile pointi saidizi na kontakta ya delta, nikakata ncha za nyaya zilizoota kijani na kuzibana upya. Boksi tulilihamishia ukuta wa nje wa chumba cha kusagia, chini ya paa, likapata mlango wenye mpira. Delta ikaingia kwa pigo moja. Kwenye mzigo kamili pointi zilisoma 0.06, 0.06 na 0.07, na tarakimu hizo nimeziandika kwa kalamu ndani ya mlango, pamoja na tarehe, nizilinganishe nitakaporudi masika yakiisha.