Utafiti Bora wa Sheria Unajulikanaje?

Njia rahisi ya kuwapima watafiti wa sheria ni kuwapa wote hukumu moja. Chukua Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza, 1990. Mwanamke wa Kihaya aliuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake. Ndugu wa ukoo akapinga, kwa kuwa mila haikumruhusu mwanamke kuiuza. Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba katazo hilo linapingana na usawa uliomo katika Katiba.

Mchambuzi wa vifungu hukaa na maandishi: Katiba, sheria, hukumu. Umahiri wake uko katika kutenganisha sababu iliyoamua shauri na maneno ambayo jaji aliyasema kwa kupita. Shauri hili lilihusu kuuza. Akihitimisha kuwa tangu hapo wanawake wanarithi sawa na wanaume, amevuka mpaka wa hukumu. Angalia pia kama amefuatilia yaliyokuja baadaye: mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa kanuni za kimila za urithi zilizotangazwa 1963 zinawabagua wanawake, lakini ikakataa kuzifuta. Makala inayosifu hukumu ya 1990 na kunyamazia ya 2006 iweke kando.

Mwanahistoria anauliza: mila hii ya Wahaya iliandikwa na nani? Kitabu cha Cory na Hartnoll kuhusu sheria za mila za Wahaya kilitoka 1945, chini ya utawala wa Mwingereza. Mtafiti dhaifu hukinukuu kana kwamba mababu wenyewe wanasema. Aliye makini huuliza ni wazee gani waliohojiwa, nani hakuulizwa, na kipi kilichokuwa kikijadiliwa kiligeuzwa amri. Kipimo kizuri ni kazi ya Sally Falk Moore ya 1986 kuhusu Wachaga: amefuata mila zao kwa karne nzima, na humo zinaonekana zikibadilika pamoja na kilimo cha kahawa na uhaba wa ardhi.

Mtafiti wa uwandani huenda kusikiliza. Susan Hirsch alikaa katika mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya, na katika kitabu chake cha 1998 wanawake waliodhaniwa wavumilivu wasiosema wanaonekana wakisimama kudai haki zao. Jambo hilo halisomeki katika kifungu chochote. Kazi ya namna hii ipime kwa maswali mawili: je, inatofautisha wanayosema watu na wanayoyatenda? Je, inawapa nafasi waliotoa maelezo yanayokinzana na hoja? Jihadhari na kijiji kimoja kilichogeuzwa kuwa taifa.

Mhakiki wa mfumo, katika mkondo ambao Issa Shivji ni jina kubwa Dar es Salaam, huuliza sheria inamnufaisha nani. Swali ni zito, ila jibu lisitangulie ushahidi. Tafuta ukurasa ambapo nadharia yake imekutana na jambo gumu ikalazimika kujirekebisha.

Ukitaka kuamua haraka, anza na hitimisho. Jiulize lingehitaji ushahidi wa aina gani, kisha rudi kwenye rejea. Hukumu peke yake haithibitishi kwamba wanawake wa Kihaya wanauza ardhi, na mahojiano peke yake hayathibitishi kwamba wana haki ya kuiuza. Mtafiti anayestahili kuaminiwa anajua ni lipi kati ya haya mawili amelithibitisha.