Gitaa Lililochakaa: Mashabiki wa Rory Gallagher na Sanaa ya Kuomboleza

Mbolezi njema ina kazi mbili: humlilia aliyekwenda, kisha humweleza alikuwa nani. Kazi ya kwanza haina ugumu mkubwa, kwani machozi hayafunzwi. Ya pili ndiyo impayo mtunzi taabu, maana pendo hupenda kupamba, na kila pambo hufunika kitu. Kipimo hiki, wanachokijua wapenzi wa ushairi wa mwambao, chafaa pia kwa maombolezo ya wasiotunga mashairi. Mfano mmoja ni wa mashabiki wa Rory Gallagher, mpiga gitaa la roki na bluzi kutoka kisiwa cha Ayalandi.

Gallagher alizaliwa Ballyshannon, jimbo la Donegal, tarehe 2 Machi 1948, akalelewa Cork. Aliongoza kundi la Taste, na kuanzia 1971 akarekodi kwa jina lake mwenyewe. Alifariki London tarehe 14 Juni 1995, akiwa na umri wa miaka 47, kutokana na matatizo yaliyofuatia kupandikizwa ini. Tangu hapo kumbukumbu zimeongezeka: uwanja wenye jina lake Cork, kona yenye gitaa la shaba Dublin, mtaa huko Ris-Orangis nchini Ufaransa, na sanamu ya Ballyshannon iliyozinduliwa 2010, mahali ambapo mashabiki wamekuwa wakikusanyika katika tamasha la kila mwaka.

Hata hivyo, kinachotajwa kuliko sanamu zote ni gitaa lake, Fender Stratocaster la 1961, alilolinunua kwa pauni 100 katika duka la Cork mwaka 1963, angali kijana wa miaka 15. Rangi yake imebanduka karibu yote. Mashabiki huusoma ubao ule kama msomi asomavyo hati kongwe: hapa jasho la jukwaani, hapa mkono uliosugua mwaka baada ya mwaka, hapa unyevu wa siku lilipoibwa Dublin na kukutwa limetupwa nje. Naye hakulipaka rangi upya. Katika usomaji huu mashabiki wamefanikiwa kama washairi. Badala ya kusema tu kwamba marehemu alikuwa mnyenyekevu na mchapa kazi, wanaonyesha ubao mtupu na shati la miraba alilozoea kupandia jukwaani, na msikilizaji anafika mwenyewe.

Udhaifu huanza wanapoacha kitu kinachoonekana na kushika hekaya. Husimuliwa mno kwamba Jimi Hendrix aliulizwa ni vipi kuwa mpiga gitaa bora duniani, akajibu kwamba swali hilo aulizwe Gallagher. Hakuna ushahidi wa kuaminika wa maneno hayo, na kisa hichohicho husimuliwa kwa majina ya wapiga gitaa wengine. Ni sifa iliyoazimwa, vazi lisiloshonwa kwa kimo cha mtu yeyote. Gallagher hakulihitaji.

Linganisha na ushuhuda wa Brian May wa kundi la Queen, kundi alilolisifisha Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Unguja. May, kijana wakati huo, alimwendea Gallagher baada ya onyesho la London akamuuliza sauti ile aliipataje. Gallagher akamwonyesha bila kinyongo: amplifaya ya Vox AC30 na kijisanduku cha kunoa sauti za juu. May amekiri mara nyingi kwamba sauti yake mwenyewe ilitoka hapo. Kisa hiki kina mahali, kina vyombo, na kina mtu aliyekuwapo. Kinasema juu ya ukarimu wa fundi kuliko sifa kumi za kuazima.

Ushuhuda wenye uzito zaidi ni wa Belfast. Katika miaka ya 1970, mabomu na mauaji yalipowafanya wanamuziki wengi waukwepe mji huo, Gallagher aliendelea kwenda kupiga katika Ulster Hall. Vijana wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, ambao nje hawakupita mtaa mmoja, walisimama ndani ya ukumbi mmoja. Muziki haukumaliza vita. Ila wanaokumbuka usiku ule hukumbuka kwamba mtu alikuja, na sanamu iliyozinduliwa karibu na ukumbi huo Januari 2025 inasimama juu ya deni hilo.

Lakini mbolezi hii ina beti zinazorukwa. Wengi huanzia filamu na albamu ya *Irish Tour '74*, kisha huvuka moja kwa moja hadi kaburini. Miaka ya kati na ya mwisho, ya maradhi na ya kuishi hotelini London, hutajwa kwa mnong'ono. Januari 1995 alipanda jukwaani Uholanzi kwa mara ya mwisho akiwa tayari mgonjwa. Kuificha picha hiyo ni kumheshimu nusu. Wanaolipenda gitaa kwa sababu ya makovu yake wanapaswa kuweza kumpenda mwenyewe pamoja na yake.

Oktoba 2024 gitaa hilo lilipigwa mnada London. Wapenzi wake walihofu lisije likafungiwa katika nyumba ya tajiri, na wapo waliotaka serikali ilinunue. Likauzwa kwa zaidi ya pauni 700,000, na mnunuzi, kampuni ya burudani, akalitoa kwa Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi. Hofu ile ilikuwa ya haki, na mwisho wake ni wa kheri. Hata hivyo, gitaa la makumbusho halitoi jasho. Kazi iliyobaki kwa mashabiki ni ileile ya kila mwombolezaji: kusimulia habari yote, pamoja na ile inayouma, kwa watoto watakaolitazama nyuma ya kioo bila kuwahi kumsikia akilipiga.